Kidole cha Mbao

Mlango wa stoo ya mifupa hauna kitasa upande wa ndani. Pale chuoni kila mtu anajua, ndiyo maana pana tofali la kuuzuia. Ijumaa ile, siku ya mwisho ya programu, Daktari aliingia, akalisogeza tofali kwa mguu na kuuacha mlango ujifunge.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na kidirisha, akatoa msasa mfukoni na kuendelea kusugua kidole.

Kilikuwa kidole cha mbao. Kile kiunzi cha mifupa cha kufundishia, cha plastiki, kilipoteza chake tangu Jumatatu, Mhandisi alipotaka kujua mkono wake unaweza kubeba kilo ngapi. Jibu lilikuwa mbili na nusu.

Mlango ukafunguliwa kwa nje. Wakili alisimama kizingitini, mguu mmoja ukiuzuia mlango. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mdomo wa watu wawili.

"Unajificha."

"Nafanya kazi."

"Kazi gani ya kujifungia? Wanakutafuta ukumbini, zamu yako ni baada yangu. Baba yako yuko mstari wa mbele, katikati kabisa. Kamwondoa mama yangu kwenye kiti, ati anataka kukuona vizuri."

"Ndiye huyo huyo," alisema Daktari.

Programu ile ya likizo ilikuwa na sheria yake. Getini uliacha jina, umri, ukoo na shikamoo zako, ukavaa beji ya kazi. Kwa wiki mbili hukuitwa vingine. Rubani alibishana na Mkemia, Mhandisi akaharibu, Wakili akamshitaki. Na siku ya mwisho, saa kumi, kila mwenye beji alipanda jukwaani mbele ya wazazi akasema neno moja tu: anabaki na beji yake, au anaivua achukue kazi gani. Hakuna aliyesamehewa.

Wakili alilirudisha tofali mahali pake, akakichukua kile kidole na kukijaribu kwenye mkono wa kiunzi. Kikakaa bila kusukumwa.

"Toba! Hiki umekichonga wewe? Nani kakufundisha?"

"Fundi samani, jirani yetu. Nilikuwa nikitoroka shule naenda kwake. Siku moja Baba akanikuta nimeshika randa. Akaichukua, akaitupa kisimani."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia samahani."

"Katupa randa ya watu, halafu samahani uombe wewe?" Wakili alitikisa kichwa. "Kesi hiyo ningeishinda nimelala."

Daktari alipoinuka, karatasi iliyokunjwa mara nne ilidondoka kutoka kwenye koti lake jeupe. Wakili aliiokota, na kwa kuwa alikuwa Wakili, akaisoma.

"Miaka mitano," alisema polepole.

"Mitano."

"Lakini hujasaini."

"Baba kaja na kalamu."

Huko ukumbini kipaza sauti kilikuwa kikikoroma, mtu akisema moja mbili, moja mbili.

"Sikiliza," alisema Wakili. "Mimi natangulia. Nasema naivua, nataka kuendesha treni. Mama atazimia, lakini si kitu, Daktari upo. Halafu wewe unapanda, unasema useremala. Basi. Dari haitaanguka."

"Humjui Baba."

"Na yeye hakujui wewe. Mtakuwa mmefahamiana leo."

Daktari alicheka, mara ya kwanza siku ile. Akakitia kidole mfukoni, akamfuata.

Wakili alipanda jukwaani kama anayewahi basi. "Naivua," alisema, beji tayari iko mkononi. "Nataka kuendesha treni." Mama yake, aliyesukumwa mpaka kiti cha pili, alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akaanza kupiga makofi peke yake, mpaka ukumbi mzima ukaona haya na kumfuata.

Ikawa zamu ya Daktari.

Ngazi zilikuwa tatu. Alizipanda mkono ukiwa mfukoni, umekishika kidole. Kutoka pale juu aliiona milango yote ya ukumbi: ilikuwa wazi, na ina vitasa ndani na nje. Kati yake na milango alikuwapo Baba. Baba hakukunja uso. Aliinua kidevu kidogo tu, vilevile kama siku ile ya randa.

"Daktari," alisema mwenye kipaza sauti, "unabaki nayo, au unaivua?"

Pembeni ya jukwaa Wakili alikuwa akilitamka neno kwa midomo bila sauti, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Daktari alivuta pumzi. Kidole cha mbao kikalia ko, kikavunjika ndani ya ngumi yake.

"Nabaki," alisema. "Udaktari."

Makofi yakapigwa. Wakili hakupiga. Alitazama sakafu.

Baba alifuta macho kwa leso, kisha akamwinamia mama yake Wakili.

"Yule wangu," alisema, akijipapasa kifuani kutafuta kalamu. "Jumatatu anatimiza miaka sitini, hospitali ikataka imstaafishe. Nikawaambia hapana, mpeni mingine mitano. Mtoto ukimwacha hana la kufanya, ataanza tena kuchezea mbao."