Mvi Katikati ya Kiraka

Msusi alikata simu ya kliniki huku wifi yake bado amemshika kichwa, anamkagua kama anayetafuta chawa. Saluni haikuwa na mteja na joto lilikuwa limemshinda, ndiyo maana alivua kitambaa. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

"Jaribu maji ya kitunguu," wifi alisema.

"Wifi, nikwambie mara ngapi? Tatizo si mafuta wala kitunguu. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inayoshambulia mizizi ya nywele, inaiona adui. Hivi vidonge nilivyopewa kliniki vinaituliza, mpaka izoee kuiacha."

"Miezi mitano inazoeshwa tu! Mbwa wa jirani alinizoea kwa wiki moja."

Msusi akasonya. Vichwa vya mtaa mzima anavisuka yeye, chake kimebaki viraka vinavyong'aa kama sahani. Na kesho daktari anaangalia kwa mara ya mwisho: pasipoota kitu, dawa inasimamishwa.

Ghafla akahisi mchomo utosini.

"Umefanya nini?"

"Mvi hiyo. Imesimama katikati ya upara bila haya, inakuzeesha bure."

Msusi akageuka. Juu ya ukucha wa wifi ulilala unywele mweupe, mfupi kuliko punje ya mchele, mzizi wake bado una unyevu. Daktari alishamwambia: nywele zikianza kurudi, hutangulia nyeupe.

"Wifi," alisema polepole, "ziko nyingine?"

"Hata moja! Zote nilishazimaliza ulipokuwa kwenye simu."