Zima Usikie

Ilikuwa siku ya saba bila lalamiko hata moja, na Mratibu wa Mifumo alikuwa na furaha isiyofichika. Trei ya fomu mezani pake ilikuwa tupu. Simu ya ofisini haikuwa imelia tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Aliipangusa vumbi kwa leso, akajimiminia chai.

Kampuni yao ilitengeneza magodoro. Ukutani kwa Mkurugenzi palikuwa na malengo matatu ya herufi kubwa: godoro bora, kwa wakati, bila usumbufu. Mratibu aliletwa kwa mkataba wa miezi sita ahakikishe kwamba kila mashine, kila programu na kila waya unatumikia mojawapo ya malengo hayo. Mkurugenzi, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimwambia aking'oa vitu tisa visivyo na kazi, ajira ya kudumu ni yake. Asipofikisha tisa, waagane kwa wema.

Na ajira ile aliitaka, tusidanganyane. Aliitaka kuliko kitu chochote tangu alipoolewa. Mumewe aliishi kwa vibarua vya leo vipo kesho havipo, na mlangoni pa ofisi hii palikuwa na kibao cha shaba chenye cheo chake. Siku ya kwanza alikipiga picha akawatumia dada zake wote, hata yule asiyesemeshana naye.

Ndani ya miezi mitano alikuwa amekwisha kung'oa vinane. Njia yake aliitunga mwenyewe na kuipa jina: Zima Usikie. Kila idara inaulizwa kitu fulani kinasaidia lengo lipi, nayo ijibu kwa sentensi moja. Wakishindwa wote, kitu kinazimwa kimyakimya kwa siku kumi za kazi. Akitokea wa kulalamika, kinawashwa. Asipotokea, kinaondolewa.

Mwenye kuzima alikuwa fundi wa mitambo, mzee mwembamba asiyecheka, aliyebeba bisibisi mfukoni mwa shati pale wenzake wanapobeba kalamu. Kampuni nzima ilimwita Mzee wa Nyaya. Simu, barua pepe, mashine, vyote vilipita mikononi mwake.

Kitu cha tisa Mratibu alikuwa na jicho nacho siku nyingi. Kule ghalani, ng'ambo ya uwanja, kulikuwa na printa kuukuu yenye kelele za mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Hakumtajia fundi, maana utaratibu ni utaratibu, ila alimdokeza kwamba akitafuta vizuri hatakosa.

Mzee wa Nyaya alitaka kwanza kuhakikisha jambo moja.

"Naangalia kila kitu, mama? Bila kubagua?"

"Bila kubagua, mzee. Na ukishazima, hata mimi usiniambie ni kipi, nisije nikapendelea."

Mzee aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake, akamwomba atie sahihi chini yake. Akatia. Jumatatu jaribio likaanza, na kila alasiri fundi alipita mlangoni kutoa taarifa ya neno moja: kimya.

Kilichomfurahisha Mratibu zaidi ni kwamba utulivu ulikuwa umeenea kila mahali. Zamani, mtu akitaka kubadilisha chochote, hata kipanya cha kompyuta, alijaza Fomu ya Ulinganifu yenye kurasa nne na kungoja muhuri wake. Fomu zilikuwa zikirundikana hadi zinaanguka sakafuni. Sasa haikuja hata moja. Watu wameelewa somo, alijiambia. Dirishani aliona malori ya magodoro yakitoka saa mbili asubuhi, wakati mwezi uliopita yalikuwa yakisubiri mpaka adhuhuri. Hilo nalo aliliandika kwenye ripoti yake, chini ya kichwa cha mafanikio.

Nyumbani mumewe alimtazama akivua viatu mapema kuliko kawaida.

"Mama watoto, siku hizi sikuoni ukirudi na makaratasi. Kazini kuna usalama?"

Alimjibu kwamba hayo ndiyo matunda ya mpangilio mzuri, akaenda kuwakagua watoto madaftari huku akiimba.

Siku ya kumi, Mzee wa Nyaya aliingia na karatasi ya kitu cha tisa. Mratibu aliinuka kumpokea.

"Imetimia?"

"Imetimia, mama. Hakuna aliyelalamika."

Hakuisoma. Zile nane za kwanza hakuzisoma pia, kwa kuwa mzee alijaza vizuri siku zote. Alitia sahihi, akagonga muhuri, akaupulizia wino ukauke. Machozi yalimlengalenga, wala hakujali kuonekana. Kisha akamwagiza mzee achukue vijana wawili na mkokoteni wakaitoe ile printa ya ghalani.

Mzee wa Nyaya alimtazama kama mtu aliyeambiwa akang'oe paa.

"Printa ya ghalani haikuzimwa, mama. Ghala walijibu siku ileile, kwa sentensi moja. Bila ile, lori halipati hati ya mzigo."

"Kumbe cha tisa ni kipi?"

Mzee alikunja karatasi yenye muhuri, akaitia mfukoni, na humo mfukoni akatoa bisibisi. Akauendea mlango. Alianza na skrubu ya juu ya kile kibao cha shaba.

"Idara zote niliziuliza, mama," alisema kwa upole, bila kugeuka. "Nikazima simu, barua pepe na fomu za ofisi hii. Siku kumi nzima. Hata wewe hukulalamika."