Kifaa cha Mtoni

Kazi ya Zamoyoni ilikuwa kugonga kengele mto ukifura, ili watu wa bondeni wahame. Tangu kile kifaa cha kupima maji kifungwe kwenye nguzo, alikuwa akisubiri ujumbe wake kwenye simu. Siku za jua kilimtumia kila saa. Wiki hii ya mawingu, mara moja tu kwa siku, alfajiri.

Akamwita Kalebi, fundi aliyekifunga, aje mtoni.

"Hakijaharibika, mama," alisema Kalebi, mvua ikimchuruzika usoni. "Kinakula jua. Likikosekana kinabana matumizi, kisije kikazima kabisa."

"Yaani, mwanangu, mto ukilala kinapiga soga, ukiamka kinanyamaza?"

Kalebi aliitazama nguzo kana kwamba si yeye aliyeisimamisha.

"Leo kimesemaje?" akauliza.

Zamoyoni akamwonyesha simu: *Maji yako chini. Salama.*

Wakageuka kulitazama jiwe la ukingoni ambapo Zamoyoni alivulia ndala zake muda mfupi uliopita. Jiwe halikuonekana. Ndala moja ilikuwa ikizunguka polepole juu ya maji.

Zamoyoni akaishika kamba ya kengele, simu ingali mkononi, akausoma ujumbe tena.