Kuta za Sultani

"Kuchora hapana," Leodegar alimwambia binti yake. "Kila mtoto atachora."

Josepha akaikunja karatasi yake ya manila. Mwalimu Candida alikuwa amewaagiza darasa la saba walete kitu cha kuonekana kwa macho, si insha, kuhusu Sultani Hassan bin Sulaiman aliyetawala Kilwa karne ya kumi na nne. Josepha alitaka kumchora. Kisha akataka kumfinyanga kwa udongo. Kisha kumshonea joho. Baba yake aliyakataa yote, macho mekundu kwa kukosa usingizi, mgongo ameuegemeza kwenye rafu tupu za duka.

"Huyo sultani alijenga nini?"

"Kasri, Baba. Husuni Kubwa. Liko juu, linatazama bahari."

"Basi tujenge kasri."

Josepha alishangaa. Miaka yote ya shule baba yake hakuwahi kuuliza hata jina la mwalimu. Alikuwa mtu wa duka, na siku hizo duka lenyewe lilikuwa limemchosha. Msako wa wahujumu uchumi, wenye maduka walioficha bidhaa adimu, ulikuwa umeingia Kariakoo. Mzee Anselmi wa mtaa wa pili alichukuliwa akiwa na suruali ya kulalia, na watu walisema sukari iliyomwagwa Mto Msimbazi kwa hofu ilitosha kuwanywesha chai samaki wote. Kila gari liliposimama nje, Leodegar alinyamaza katikati ya sentensi.

"Wakinichukua," alimwambia binti yake, "nenda kwa mama yako Kibosho. Usinisubiri."

Jumapili Josepha alirudi kutoka misani akakuta kuta zimeshasimama stoo. Zilikuwa nene, zimenyooka, zimebandikwa magazeti kwa uji wa ngano kila upande. Baba yake alikaa kando ya kuta hizo, mikono imekaukiwa na uji, amechoka kabisa.

"Kuta zangu," alisema. "Mapambo yako."

Josepha hakuwahi kumpenda baba yake kama alivyompenda siku ile.

Alipaka chokaa. Vifuu vya nazi vikawa kuba, maboksi yakawa ngazi za kushukia baharini, na sultani mwenyewe akashonwa kwa vitambaa, ndevu zake za makumbi. Alipoleta kibakuli cha maji ili alijaze bwawa la kuogea la mfalme, baba yake alimdaka mkono.

"Weka kioo. Maji yataharibu magazeti."

Kisha akaenda kumwomba Bi Zena, jirani yao, kipande cha udi, akalifukiza kasri lote huku akikohoa.

"Sultani lazima anukie," alisema.

Josepha alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe baba yake alijua mzaha.

Mgambo walikuja Jumanne.

"Sukari?"

"Hamna."

"Sabuni? Mafuta?"

"Angalieni wenyewe, vijana. Mimi nimechoka."

Walipanda darini, wakainama chini ya kitanda, wakachungulia hata ndani ya mtungi. Walipata vumbi na viberiti. Mmoja akasimama mbele ya kasri.

"Na hili nini?"

Josepha akamweleza bila kupumua: sultani, wageni wake, ukarimu wake, masikini aliyemwomba nguo alizovaa akapewa. Leodegar alishika kaunta kwa mikono miwili. Yule mgambo alisikiliza mpaka mwisho.

"Wazazi wote wangekuwa kama wewe, mzee, nchi hii ingekuwa mbali."

Walipoondoka Leodegar aliketi sakafuni palepale. Alisema kasri lisitoke nyumbani; mwalimu akitaka kuliona, aje.

Mwalimu Candida akaja. Aliliona, akapiga makofi kama mtoto. Litaiwakilisha shule kwenye maonyesho ya Mnazi Mmoja, alisema, mbele ya mgeni rasmi.

"Litavunjika, Mwalimu."

"Baba Josepha, hakuna mtoto aliyeleta kitu kama hiki. Kwa nini umnyime?"

Leodegar alimtazama binti yake. Josepha alikuwa ameacha hata kupepesa macho. Baba yake akapangusa uso kwa kiganja, taratibu, kama mtu aliyemaliza nguvu za kubishana.

"Haya," alisema. "Lichukueni."

Wanaume wanne walilipandisha kwenye mkokoteni. "Huyu sultani kala nini?" mmoja akalalamika. Leodegar alitembea kando yao njia nzima, mkono juu ya kuba, akitazama mawingu. Ulikuwa mwezi wa nne.

Mgeni rasmi alipita meza zote upesi upesi, lakini mbele ya kasri alisimama. Akamwita Leodegar asimame karibu naye.

"Huyu," aliwaambia watu, "ndiye mzazi anayejenga taifa."

Makofi yalikuwa bado yanapigwa mvua ilipoanguka. Watu walikimbilia mabarazani, walimu wakiwavuta watoto. Mgeni rasmi alifunguliwa mwavuli, akabaki palepale. Leodegar hakukimbia. Alivua koti, akalifunika kasri, kisha akalilalia kwa kifua, mikono ameitandaza, maji yakimtiririka shingoni.

Josepha alimwona, akalia kwa furaha. Alirudi mbio kwenye mvua ili amsaidie. Koti lilikuwa fupi, na upande wa baharini gazeti lilikuwa limeanza kubanduka.

"Acha, mama! Usiguse!"

Lakini Josepha alikwisha kuweka viganja vyake ukutani, akasugua kwa nguvu ili karatasi ishike tena. Povu jeupe la sabuni likafura kati ya vidole vyake, likashuka ngazi za sultani, likadondokea viatu vya mgeni rasmi.