Sauti Iliyobaki Ukutani

Siku hizi kuta huhifadhi sauti za waliokaa ndani, na nyumba haiuzwi mpaka mpambaji wa nyumba mwenye leseni azisafishe. Nyumba ikiuzwa kwa talaka, mke aliyeachwa ndiye humchagua. Mwanahawa alimteua Bi Tunu, hodari kuliko wote.

"Zifute zote," alimwambia, "ila ya siku mume wangu aliponifukuza na mimba yangu."

"Wanunuzi watakimbia, mwanangu."

"Ndicho nitakacho."

Wakakimbia kweli. Shekue, mtalaka wake, akarudi kuishi humo peke yake, na sauti yake mwenyewe ikimwambia, "Toka."

Mwanahawa alilala usingizi mnono, mpaka jirani aliyeshuhudia siku ile alipompigia simu.

"Shekue anaubembeleza ukuta usimfukuze," alisema. "Kwa maneno yaleyale uliyombembelezea wewe."

Mwanahawa alitaka kucheka, akashindwa.