Jogoo Aliyejiita Steringi

Jogoo alichungulia kwenye kibanda cha video, akaona kwenye picha kijana dhaifu akijifunza karate. Wimbo mmoja ulipokwisha, kijana alikuwa bingwa.

"Baba Chiku, anza mazoezi, hata ya kurukia kinu kila asubuhi," Tetea alimsihi. "Mwewe haachi kutuvamia, na kifaranga tumebakiwa na huyu mmoja."

"Kinu cha nini, mama? Mimi nimeshaiva. Na steringi wa picha hafi!"

Mchana mwewe alishuka. Jogoo alirusha teke la kuzunguka, akaanguka chali. Alipoinuka, Chiku alikuwa angani, kwenye kucha za mwewe.

"Umeona? Niko hai," Jogoo alisema, akijikung'uta vumbi.

"Nimeona, Baba Chiku. Steringi hakufa."

Jioni Tetea alitandaza mbawa zake kama kawaida, akalala hivyo hivyo, hana wa kumfunika.