Ganesha Kwenye Mstari wa Chokaa

"Mguse kwa hilo koleo, na mimi nikuguse kwa hii fimbo," alisema Bibi Astamaya.

Alikuwa amekaa chini, kati ya jiwe na katapila. Lokendra, msimamizi wa mafundi, alimpungia dereva azime injini.

"Bibi, ni bwawa tu. Mvua ikianza, maji yote ya barabara hii yatashukia hapa na tope lake na mafuta yake. Tunataka yatulie kwanza, tope libaki chini, ndipo yaingie Manohara. Tunaulinda mto wako."

"Mto unalindwa. Na huyu analindwa na nani?"

Huyu alikuwa jiwe la ukubwa wa kibuyu, lililopakwa unga mwekundu hadi rangi yake halisi ikapotea, na shada la maua ya manjano juu yake. Wenyeji walimwita Ganesha, mungu mwondoa vikwazo. Alikaa katikati kabisa ya mstari wa chokaa uliochorwa asubuhi ile.

"Mwondoa vikwazo," alisema Lokendra, "na kikwazo ni yeye mwenyewe."

Mafundi wawili walicheka, kisha wakajishika masikio kumwomba mungu radhi.

Mhandisi Anjila Prajapati alifika kwa miguu, ramani kwapani. Mradi ulikuwa mikononi mwake tangu siku ya kwanza. Lokendra alikuwa ameletwa miezi mitatu tu iliyopita. Anjila alimsalimu bibi kwa kukutanisha viganja viwili, akabaki amesimama.

"Afadhali umekuja, dada," Lokendra alisema. "Mvua imebakiza siku kumi. Tumlete kuhani aombe msamaha, mungu asogezwe, tufanye kazi."

"Hasogezwi," alisema bibi. "Babu mkwe wangu alimsujudia hapa hapa. Kabla daraja halijajengwa. Na malori yaliyokuwa yakimwaga kifusi ukingoni, nani aliyakomesha? Ninyi na vibao vyenu? Ni yeye. Hakuna dereva wa kumwaga uchafu miguuni pa mungu."

"Bibi, hili hata si jiwe la mtoni. La mtoni huwa mviringo. Hili lina pembe."

"Wewe nawe una pembe, na mama yako alikupokea."

Anjila hakucheka. Alikuwa akiitazama nyumba ya bibi ng'ambo ya pili ya barabara. Barabara ilipopanuliwa mwaka uliopita, nyumba ile ilikatwa kama mkate. Nusu ya mbele ilikwenda. Nusu ya nyuma ilibaki, na ngazi iliyoishia hewani. Majirani walichukua fidia wakahama. Wana wawili wa bibi walikuwa Qatar.

"Wanakuja watu wengi hapa?" aliuliza.

"Jumanne, siku yake, ni foleni. Walimu, mke wa muuza maziwa, hata polisi. Wananiuliza, Bibi umeamkaje. Mwenye kichanga ananipa nimshikie." Bibi alizungusha ncha ya shali kidoleni. "Kabla hajaja, zilikuwa zinapita siku nne bila mtu kulitaja jina langu. Nikawa najiita mwenyewe, nisikie kama bado naitika."

Lokendra aligeuka. "Kabla hajaja? Si alikuwapo tangu enzi za babu mkwe?"

Bibi alikiokota kipande cha ua kilichoanguka, akakirudisha juu ya jiwe polepole, kama mtu aliyepewa kazi kubwa.

"Basi nimeelewa," alisema Lokendra. Sauti yake haikuwa na ukali tena. "Dada, bibi ametutengenezea mungu, apate wageni. Hata mimi ningekaa peke yangu kwenye ile nusu nyumba, labda ningefanya hivyo. Lakini mvua haisubiri. Dereva, washa."

"Zima," alisema Anjila.

Alikunjua ramani juu ya goti, akaweka kidole mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote. "Yupo hapa. Ni wa zamani. Bibi amesema kweli."

Lokendra alikitazama kidole, kisha akamtazama usoni. "Na bwawa? Tukilipunguza, tope litavuka. Huko chini watu wanaosha mboga za sokoni kwa maji hayo. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Hatulipunguzi."

Alipima kwa hatua kutoka kwenye jiwe hadi kwenye kibanda chake cha mabati. Hapo ndipo palipokuwa ofisi yake: meza moja, birika la chai, na kivuli pekee katika mradi mzima. Hatua kumi na nne.

"Bwawa lipite kushoto kwake, liishie pale nyuma. Bomoeni kibanda."

"Utakaa wapi msimu wote wa mvua?"

"Nina mwavuli."

Aliingia, akatoa birika na makaratasi, kisha akashika nyundo na kung'oa bati la kwanza kwa mkono wake. Mengine waling'oa mafundi. Alichora mstari mpya wa chokaa yeye mwenyewe, na kabla ya saa sita mchana katapila lilikuwa linachimba mahali ilipokuwa meza yake.

Bibi Astamaya alichovya kidole kwenye unga mwekundu, akambandika Anjila kwenye paji la uso.

"Umesema uongo kwa ajili yangu, mjukuu wangu," alinong'ona. "Kwa nini?"

Anjila alivua viatu, akaliinamia jiwe kwa mara ya pili maishani mwake. Mara ya kwanza ilikuwa miezi saba nyuma, alfajiri moja ya baridi, alipolichagua peke yake kwenye lundo la mawe ya kuvunjwa, akalibeba hadi ukingoni na kulipaka rangi, ili malori yauogope mto.